Milimita Tatu na Nusu

Mimi watu wa barafu niliwachukia kabla sijajua barafu ni kitu gani. Watoto wenzangu walilelewa na hadithi za fisi na sungura. Mimi nililelewa na Wazungu watano waliokufa kwa baridi huko kusini kabisa mwa dunia, mahali ambapo baba yangu alisema hata inzi hakuna.

Baba alikuwa mtunza bustani wa shule ya misheni, kilimani, upande wetu wa Matiliku. Mwalimu mkuu wa wakati huo, Mzungu, alimfundisha kazi nyingine juu ya kupalilia maua: kupima mvua. Kulikuwa na kopo la shaba lililozikwa nusu ardhini, na ndani yake faneli na chupa. Kila siku saa tatu asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, mtu alifungua kopo, akamimina kilichomo kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, akasoma, akaandika kwenye kitabu chenye jalada jeusi. Siku ya ukavu uliandika sifuri, nukta, sifuri. Mwisho wa mwezi namba zilinakiliwa kwenye fomu na kupelekwa Nairobi kwa posta.

Baba aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: kwa nini niandike siku ambayo hakuna kitu? Ndipo yule Mzungu akamsimulia habari za watu wa barafu. Walitembea miezi wakiburuta mizigo yao wenyewe juu ya theluji, wafike Ncha ya Kusini kabla ya mtu mwingine. Walipofika wakakuta bendera ya wengine imeshasimama. Wakageuka kurudi, wakaanza kufa mmoja mmoja njiani. Hema la mwisho lilipokutwa, vitabu vyao vilikuwemo: upepo wa siku ile, baridi ya siku ile, waliandika mpaka nguvu zikawaishia. Na walikuwa bado wanaburuta mawe waliyookota njiani kwa ajili ya wasomi. Mawe!

“Si wangetupa hayo mawe wakaokoka?” nilimuuliza baba, nikiwa na miaka kama minane.

“Wewe ungetupa,” alisema.

Uhuru ulikuja, Mzungu akaenda kwao, baba akaachiwa ufunguo wa geti na kile kitabu cheusi. Miaka ya sabini shule ikahamishwa chini, karibu na barabara. Kopo likabaki kilimani peke yake katikati ya magofu, maana baba alikataa lisogezwe hata hatua moja. Alisema ukilisogeza, miaka ya nyuma na miaka ya mbele haitasemezana tena. Basi akawa anapanda kilima kila asubuhi, bila mshahara, bila siku ya kupumzika. Jumapili alipima kwanza ndipo akaenda kanisani, na alikuwa mzee wa kanisa huyo. Watu walimtania: “Mzee, si ufungulie hiyo mvua yetu uliyoifungia kwenye chupa?” Wengine hawakuwa wanatania.

Kwa kuwa mimi nilipewa jina la mama yake, aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Hata akinigombeza aliniita hivyo. Nalitaja mapema kwa sababu nitakachosimulia kingekuwa chepesi kidogo kama angeniita jina lingine.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nafundisha shule ya msingi karibu na Tulia, kule Kitui. Ndoa yangu ilikwisha huko, na sitaki kuiongelea. Nikaomba uhamisho nikarudi nyumbani na mtoto mmoja mgongoni, mama alishafariki, na baba nikamkuta haoni. Mtoto wa jicho alikuwa ameshafunika macho yote mawili. Alikuwa anapanda kilima kwa kupapasa na fimbo, kisha anamwita mtu yeyote apitaye njiani amsomee bilauri.

“Mwaitu,” aliniambia wiki hiyohiyo, “sasa umekuja. Kitabu hiki hakina pengo. Kisiwe nalo.”

Sikuulizwa kama nataka. Mwalimu mkuu wangu alikuwa mtu mwema, akaniachia kipindi cha pili kila siku nipande, nipime, nishuke. Nusu saa kwenda, kidogo zaidi ya robo saa kurudi. Jioni nilimsomea baba namba, naye akaitikia “eeh” kama mtu anayehesabiwa mbuzi wake wakiingia zizini. Nilifanya hivyo kwa uaminifu zaidi ya mwaka mzima. Mniamini hapo.

Kisha ikaja ile njaa ya themanini na nne. Wakamba kila njaa wanaipa jina, na hiyo iliitwa ya kufa na pesa mkononi, maana hata mwenye pesa alikosa pa kununua chakula. Tulikula mahindi ya manjano ya msaada, yanayonuka gunia, na tukashukuru. Lakini si njaa iliyonishinda. Kilichonishinda ni maji. Niliamka kabla jogoo hajawika, nikaenda na punda hadi mtoni, mto wa mchanga mtupu, tukachimba mpaka mtu akizama shimoni unaona kisogo tu, kisha tukasubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe. Kurudi, kumwosha mtoto uso kwa kitambaa, kumpikia baba uji, kukimbia shuleni, kufundisha watoto wanaosinzia kwa njaa. Halafu kipindi cha pili, kilima.

Nilichoka. Sina neno lingine. Nilichoka uchovu wa kuuma meno. Siku moja kipindi cha pili kilipofika miguu yangu ikanipeleka stoo, penye magunia ya mahindi ya watoto, nikajilaza juu yake, nikalala. Nilipoamka nilijiambia, kwani kuna haja gani? Mbingu ni nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Jibu linajulikana.

Jioni baba akauliza. “Sifuri,” nikasema.

“Eeh.”

Kesho yake nililala tena. Hata sikuona aibu kubwa, maana sikuwa nadanganya sana, sifuri ni sifuri. Nilianza kuandika wiki nzima siku ya Ijumaa, kisha mwezi mzima kwa mkao mmoja, sifuri zimepangwa vizuri kuliko zile za kweli. Fomu zikaenda Nairobi. Nani angejua? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda ya wengine. Yangu ilianzia kwenye yale magunia, na nimeitembea zaidi ya miaka kumi.

Asubuhi moja, Jumapili, nilikuwa nimekaa mlangoni nikichagua wadudu kwenye mahindi. Baba akatoka nje, akasimama, akainua uso.

“Jana kulinyesha kilimani,” alisema.

“Hapana, baba. Huku hata tone.”

“Huku hapana. Kilimani. Nasikia harufu ya udongo.” Akageukia sauti yangu, na uso wake ulikuwa umefurahi kiasi ambacho sikuwa nimekiona tangu mama aondoke. “Ulipoenda asubuhi umekuta ngapi?”

Asubuhi hiyo sikuwa nimekwenda kilimani. Nilikuwa nimerudi kutoka mtoni nikiwa na mitungi miwili badala ya minne. Ningeweza kusema, baba, sijapanda bado, ngoja niende sasa. Lakini angeuliza kwa nini sijapanda na jua limefika hapa, halafu angeuliza na jana je, na juzi je.

“Tatu na nusu,” nikasema.

Sijui namba ile ilitoka wapi. Sifuri angeikataa, na tano ingekuwa nyingi mno.

“Tatu na nusu!” Alikaa chini kwenye kigoda. Alirudia kwa sauti ndogo, tatu na nusu, na machozi yakamtoka kwenye yale macho meupe. “Umeandika?”

“Naandika.”

Niliandika mbele yake, kalamu ikikwaruza ili asikie. Kisha nikapanda kilima, nikikimbia, jua likichoma. Buibui alikuwa ametanda mdomo mzima wa kopo, na utando ulikuwa na vumbi. Ndani, chupa ilikuwa tupu. Faneli ilikuwa imezibwa na vumbi lililogeuka matope, na nilipoyagusa yakapasuka, yameshakauka. Kwa hiyo kweli kulinyesha. Jana, juzi, siku gani, kiasi gani, hilo hakuna binadamu angelijua tena. Nilikaa pale kwenye mawe ya magofu nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe, woi, nilikuwa nawaonea wale Wazungu watano.

Baba alisimama kanisani siku hiyohiyo kutoa ushuhuda. Alisema Mungu hajatusahau, ametupa milimita tatu na nusu, zimepimwa, zimeandikwa. Watu walicheka kidogo, wakasema amina kwa nguvu. Tangu siku ile jina lake likawa Mzee Tatu-na-Nusu, mpaka sokoni Tawa. Alilipenda jina hilo. Mvua zenyewe zilipokuja mwishoni, nyingi, za kujaza bilauri ukamwaga ukajaza tena, hakuzisifu nusu ya alivyoisifu ile moja.

Tangu ile Jumapili sikukosa kupanda hata siku moja. Naapa. Nimepanda na malaria, nimepanda na mguu ulioteguka. Lakini kitabu ni kama mtungi wa maji: tundu moja linatosha.

Miaka ya tisini ilipoanza, msomi mmoja alitufikia. Alikuwa binti wa upande wa Murang’a, mrefu, viatu vya kutembea, begi la makaratasi. Alikuwa ameambiwa Nairobi kwamba huku kuna mzee mwenye rekodi ya mvua tangu zamani. Kikamba hakujua, basi tuliongea Kiswahili.

“Mzee, mimi nasomea historia ya mazingira,” alisema.

“Historia ya nini?”

“Ya ardhi, miti, mvua. Jinsi watu na nchi walivyoishi pamoja.”

Baba alicheka. “Haiya! Nilidhani historia ni ya wafalme. Kumbe na mvua imezaliwa, imesoma shule?”

Alikaa kwetu siku tatu, akinakili kitabu kwa penseli, ukurasa kwa ukurasa. Alieleza kwamba wakubwa wa enzi za mkoloni waliandika kuwa Wakamba wameimaliza ardhi yao, vilima vitakuwa jangwa, na wasomi wa siku hizi walikuwa wanarudi kuangalia upya, wakikuta matuta ambayo kina mama walichimba kwa jembe, miti iliyopandwa, mvua iliyokatika bila kosa la mtu. Lakini huwezi kusema kosa la mtu ni lipi kama hujui mbingu ilitoa nini. Ndiyo maana alihitaji kitabu cha baba.

Baba akamsimulia watu wa barafu. Nilidhani binti atamcheka. Kumbe anawajua! Alisema vitabu vyao vya baridi na upepo vinasomwa tena sasa, na si kwa ajili ya ushujaa, bali watu wajue hewa ya kule ilikuwaje enzi zile. Baba aliguna kama mtu aliyelipwa deni la zamani.

“Wale wangu bado wanasomwa,” aliniambia. “Umesikia, mwaitu?”

“Nimesikia.”

“Na kuna wengine wa upande wa kaskazini,” binti aliendelea. “Wawili. Kila mmoja alisema yeye ndiye aliyefika Ncha ya Kaskazini wa kwanza. Mpaka leo wasomi wanabishana, kwa sababu rekodi zao hazishikiki.”

“Zina mapengo?” baba aliuliza kwa uchungu.

“Mzee, pengo si shida. Pengo nalizunguka. Shida ni namba ya kutungwa, kwa sababu inafanana na zile za kweli. Ukiipata moja, utaamini zipi?”

Nilikuwa namimina chai. Niliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

Siku ya tatu nilimsindikiza binti hadi barabarani. Alikuwa anaongea kwa furaha juu ya ile mvua moja ya themanini na nne, tatu na nusu katikati ya sifuri zote zile, jinsi atakavyoanzia hapo. Nikamwambia. Nilimwambia yote, magunia, utando wa buibui, matope. Nilikuwa namwangalia viatu.

Binti alisimama njiani. Kisha akatoa daftari lake, akaliweka juu ya begi, akachukua rula, akapiga mstari. Si juu ya siku moja. Alipiga mwaka mzima.

“Na miaka mingine, mwalimu?”

“Ya kweli. Nakuapia.”

“Nitakuamini,” alisema, na sikupenda alivyolisema, lakini ningesema nini? Kisha akauliza, “Mzee anajua?”

“Hajui. Tafadhali.”

“Basi hilo ni lako,” akasema.

Baada ya miaka miwili hivi bahasha ikaja kwa posta. Ndani kulikuwa na kijitabu chembamba cha Kiingereza. Baba alikilaza mapajani akakipapasa kama kifaranga. Alitaka nimsomee chote kwa Kikamba, jioni hiyohiyo. Nikasoma. Mwanzoni kulikuwa na shukrani kwa mzee mmoja aliyepima mvua bila malipo. Baba akaitikia eeh. Miaka ikapita mmoja mmoja. Nikafika pale. Maandishi yalisema, kwa Kiingereza kikavu, kwamba mwaka ule umeachwa kwa sababu rekodi yake haikuaminika.

Nilisoma hivi: “Katika mwaka ule wa njaa mvua ilikuja mara moja tu katika miezi mingi, milimita tatu na nusu, na mtu alipanda kilima kuipima.”

Baba aliinama karibu na kijitabu. Kisha akasema, “Rudia hapo.”

Nikarudia.

Kuanzia siku ile kila mgeni alipoingia, awe wa kanisa, awe wa kuuza kuku, niliitwa. “Mwaitu, lete kile kitabu. Wasomee pale penye tatu na nusu.” Niliogopa kubadilisha maneno, kwa sababu baba alikuwa ameshayakariri. Basi nikayaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa, kwa Kikamba, niwe nayasoma sawasawa. Tazama mtu aliyechoka anavyofika mbali: mara ya kwanza nilidanganya kwenye kitabu cha baba, mara ya pili kwenye kitabu cha msomi.

Alifariki akiwa amelala, mwishoni mwa miaka ya tisini, mwezi wa kiangazi. Asubuhi yake, wanawake wakiwa wameshajaa uani wakilia, niliangalia saa, nikapanda kilima. Sifuri, nukta, sifuri. Nikashuka nikaendelea kulia na wengine.

Kwenye mazishi mchungaji alisimama kusoma maisha ya marehemu. Alipomaliza, mtu mmoja akasema, na kile kitabu je? Wakaitikia wengi: kile kitabu, kile kitabu. Mtoto wangu, aliyekuwa msichana wa sekondari sasa, akakimbia ndani akakileta kabla sijasema neno. Nilinyoosha mkono kukipokea. Mchungaji akaniambia kwa upole, “Pumzika, mwalimu. Leo nitasoma mimi.” Kiingereza alikijua vizuri.

Akasoma na kutafsiri. Watu walitulia. Nikamwona anafika ule ukurasa, nikamwona anasimama. Aliangalia chapa, akaangalia penseli, akageuza kijitabu kidogo, akaangalia tena.

Kutoka nyuma mtu mmoja alimsaidia: “Tatu na nusu!” Wakacheka kwa upendo, na kanisa zima likasema pamoja, tatu na nusu.

Mchungaji akanitazama. Angeweza kusoma penseli, nami ningemwachia. Jeneza lilikuwa pale mbele yangu, mbao za mkaratusi, na ndani yake mtu aliyeniita mama yake. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kuliko ule mwaka wa mitungi.

“Mchungaji,” nikasema, nikasimama. “Soma iliyopigwa chapa.”

Akasoma. Kwamba mwaka ule umeachwa kwa sababu rekodi yake haikuaminika. Watu hawakuelewa, wakaangaliana, wengine wakaanza kunung’unika kwamba wasomi wa Nairobi wamemtukana mzee wetu. Basi nikawaambia. Niliwaambia si msomi, ni mimi, na baba hakujua. Sikueleza uchovu. Kila mtu pale alikuwa amechota maji mwaka ule.

Halafu mama mmoja mzee, jirani yetu wa upande wa kilimani, akainuka akiegemea bega la mwenzake.

“Lakini kulinyesha,” alisema. “Nilikuwa kule juu na mbuzi. Ilikuwa Jumamosi. Kulinyesha.”

“Kiasi gani?” nikamuuliza, mbele ya jeneza, kama mjinga.

Alifikiri. “Ya kulowesha leso,” akasema, kisha akakaa.

Tulipomaliza kuzika na watu wakatawanyika, nilichukua kile kitabu cheusi nikafungua ule mwaka. Wino wangu ulikuwa bado mweusi. Nilikata zile sifuri zote kwa mstari mmoja, nikaacha pengo. Nikakata tatu na nusu. Juu yake, kwa ile siku ya Jumamosi, nikaandika: Kulinyesha. Haikupimwa.